Fundi Aliyepungukiwa na Jela

Ukitaka kumjua fundi Timazi kwa haraka, usihangaike na sura yake, maana ni sura ya kawaida tu, yenye vumbi la mbao kwenye nyusi. Anza na ubao uliokuwa nyuma ya mlango wake. Ulikuwa ubao wa mbao ngumu, umepigwa randa mpaka ukateleza, na juu yake misumari kumi na miwili katika safu mbili zilizonyooka. Kila msumari ulikuwa na ufunguo, na hakuna hata ufunguo mmoja uliokuwa wake.

Zilikuwa funguo za majirani. Mwalimu mstaafu wa nyumba ya kona aliacha wake kila alipokwenda kumwona bintiye. Nesi wa nyumba ya pili, aliyefanya kazi kwa zamu, aliacha wake ili wanawe wakitoka shule waupate. Mama mwenye duka aliacha wa dukani na wa nyumbani, kisha akaongeza wa sanduku la bati ambalo hata mumewe hakujua liliko. Hakuna aliyeitisha kikao kumteua Timazi kuwa mtunza funguo wa mtaa. Mtu mmoja aliacha ufunguo, akarudi akakuta nyumba yake kama alivyoiacha, hata vumbi la mezani halijaguswa, akamwambia mwenzake, na mwenzake akamwambia mkewe. Jina lenyewe la Timazi walimpa wao. Timazi ni kile kizito kinachofungwa kwenye uzi ili fundi ajue kama ukuta umesimama wima au umelewa. Walisema huyu mtu umning'inize popote, ataanguka wima.

Sasa uaminifu ni kitu kizuri mno, wahubiri wote wanasema hivyo baada ya kushiba. Ubaya wake ni mmoja: hauliwi. Timazi alikuwa na karakana yake ya useremala miaka ishirini na sita, mpaka zilipoingia sokoni samani za unga wa mbao ulioshindiliwa kwa gundi, zenye picha ya mbao juu yake. Wateja walikuja kuipapasa meza ya Timazi, wakaisifu, wakaigonga kwa vidole waone ilivyo imara, kisha wakaenda kununua ile ya unga. Hawakuwa wajinga. Meza ya Timazi ingedumu mpaka imzike mwenyewe na mwanawe, na nani anataka meza ya kumzika? Akafunga karakana, akauza msumeno mkubwa, akabaki na sanduku la zana na muda mwingi. Kwa miezi minane nyumba ikala kwa mkono wa mkewe, mpishi wa shule ya jirani, mwanamke ambaye hakuwahi kumsimanga mumewe kwa maneno. Alimsimanga kwa kumwekea nyama kubwa.

Ndipo ghala la zamani la chini ya barabara likapakwa rangi ya machungwa, na juu ya mlango wake yakaandikwa maneno makubwa: KAA WEWE, AINUKE MWENZIO.

Ilikuwa kampuni, lakini ukiiita kampuni walikusahihisha. Ilikuwa huduma, lakini ukiiita huduma walikuonyesha bei. Walitaka iitwe biashara ya kijamii. Kwa maelezo yao, waliwachukua watu waliotoka gerezani, wakawafundisha useremala, wakauza viti kwenye mahoteli na maofisi, na sehemu ya faida ikarudi kuwafundisha wengine. Tuseme kweli, wazo halikuwa baya. Mtu akitoka jela, mtaa mzima humwambia ajirekebishe, na mtaa huohuo humfungia mlango. Asipopata kazi hurudi kwenye ile anayoijua. Anayemwekea randa mkononi anafanya jambo kubwa, nami sitacheka hapo.

Nitacheka kwenye viti. Viti vilikuwa na miguu minne kama viti vingine, ila miguu hiyo haikuwa imeafikiana. Wanunuzi walivinunua kwa huruma, na huruma ina uzito wake, lakini makalio ya binadamu yana uzito zaidi. Hoteli moja ilirudisha viti arobaini pamoja na barua ya kuwatakia kheri. Siku ya uzinduzi wa ofisi moja, mgeni rasmi, mtu mwenye mwili wake, alikaa kwenye kiti cha mbele mbele ya kamera, na ikabidi ainuliwe na wenzake wanne. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza, na viti vile vilikuwa vimetembea vya kutosha. Ilihitajika mkono wa fundi wa kweli.

Timazi alikwenda na kigoda alichokitengeneza bila msumari hata mmoja. Mkurugenzi alikuwa mwanamke kijana mwenye miwani mikubwa, ofisi yake ina vikaratasi vya rangi ukuta mzima, naye amekaa kwenye kiti cha plastiki.

"Usiniite mheshimiwa, fundi," alisema. "Hapa wote wananiita Dada."

Timazi, aliyekuwa na binti mkubwa kuliko huyo, alisema, "Sawa, Dada," akajiona mjinga.

Mkurugenzi alikigeuza kigoda, akakipanda, akaruka juu yake mara mbili. Kigoda hakikutoa hata sauti. Macho yakamng'aa.

"Hii ndiyo kazi. Ulijifunzia gereza gani?"

"Kwa marehemu baba."

"Namaanisha, baada ya kufungwa."

"Sijafungwa, Dada."

Mkurugenzi alishuka kwenye kigoda taratibu. "Hujafungwa kabisa? Hata mahabusu, siku mbili tatu?"

"Hapana."

"Hata kwa ugomvi wa ujanani?"

Timazi alitafuta katika maisha yake yote, akakuta hakuna kitu. Alikuwa amekaa mbele ya mtu anayetaka kumsaidia, na hana hata kosa dogo la kumpa. "Samahani," alisema.

Mkurugenzi akamweleza, kwa upole kabisa. Wafadhili waliotoa mtaji walikuwa na sharti moja: kila mkono unaogusa mbao uwe umetoka gerezani. Asilimia mia. Ikiwa tisini na tisa, ile kadi inayoning'inizwa kwenye kila kiti, ya kusema kimetengenezwa na waliofungwa, inakuwa ya uongo, na wafadhili hawapendi uongo. Kwa hiyo ili kadi isiwe ya uongo, ingefaa Timazi ajaze fomu ndogo.

"Si kudanganya," alisema Mkurugenzi. "Ni kukuingiza kwenye hadithi yetu. Hapa faida na wema vinakaa kiti kimoja, fundi, na lazima kitoshe."

Timazi alikuwa ametengeneza viti maisha yake yote. Alijua kwamba wawili wakikaa kiti kimoja, mmoja wao tako lake liko nje.

Wakaja kwenye kosa. Timazi aliomba aandikiwe ugomvi, jambo ambalo linaweza kumpata mtu yeyote. Mkurugenzi akatikisa kichwa. Ugomvi unawatisha wanunuzi, mtu hataki kukalia hasira. Wizi ndio unaogusa: mtu alikuwa na njaa, akaiba, akajuta. Na akiwa aliiba mbao, halafu leo anazitengeneza kwa jasho lake, nani hatalia?

"Wizi wa mbao," aliandika. "Miaka mitatu."

Mwenye njaa hana miiko. Timazi alitia sahihi kwa mwandiko wake mzuri, akijiambia kwamba hiyo ni karatasi tu, itakaa kwenye droo.

Jioni mkewe alimuuliza kama amepata kazi.

"Nimepata. Kufundisha."

"Mungu mkubwa. Na uso mbona hivyo?"

Akamweleza yote. Mkewe alipepeta mchele, akitoa chuya moja moja.

"Ulifungwa mwaka gani?"

Akamtajia miaka iliyoandikwa kwenye fomu.

"Baba watoto," alisema mkewe, "kitinda mimba wetu amezaliwa katikati ya kifungo hicho. Waulize hao wafadhili wako, mimi nilizaa na nani?"

Siku ya kwanza karakanani siri yake ilidumu kwa kiasi cha kuvua koti. Kulikuwa na wanaume kumi na wanne, na aliyekuwa msemaji wao aliitwa Dirisha. Katika maisha yake ya zamani Dirisha hakuwahi kuingia nyumba ya mtu kwa mlango. Alikuwa mtu wa makamo, mwembamba, mwenye vidole virefu na vifungo viwili nyuma yake.

"Karibu, mzee," alisema. "Ulikuwa gereza gani?"

"Lile kubwa."

"Namba yako ilikuwa ngapi?"

"Nimesahau."

Randa zote zikasimama. Mwanamume anaweza kusahau siku aliyooa, na wengi husahau, lakini namba ya gerezani haisahauliki. Watu kumi na wanne walimtazama Timazi, wengine kwa mshangao na wengine kwa huruma ya kweli.

"Mzee wangu," alisema Dirisha, "wewe hata kituo cha polisi hujaingia kuuliza njia."

Wangeweza kumchongea. Badala yake walikaa kwenye rundo la mbao wakashauriana, na aliyeleta neno alikuwa Katibu, bwana mnene mwenye adabu ambaye alifungwa kwa kuwa na mihuri mingi ya serikali kuliko serikali yenyewe. Hoja yake ilikuwa fupi. Viti visiposimama, wote wanarudi barabarani. Viti havitasimama bila huyu mzee, na huyu mzee hatabaki asipokuwa mfungwa. Kwa hiyo wao watamfundisha jela, naye awafundishe viti.

Hivyo ndivyo ile karakana ilivyopata madarasa mawili. Asubuhi Timazi alifundisha ulimi na tundu, yaani namna kipande kimoja cha mbao kinavyochongwa ulimi ili kiingie kwenye tundu la chenzake bila kulegea wala kupasua. Alikuwa na kanuni moja iliyowaudhi wote: hakuna kugusa gundi mpaka kiti kiungwe kikavu, mwenye kukitengeneza akipande, akiruke, na kisimame. "Kama hakisimami bila gundi," aliwaambia, "gundi haitakufichia. Itachelewesha aibu tu." Mchana, wakati wa kupumzika, wao wakamfundisha kuchuchumaa mstarini kwa ajili ya hesabu, kukumbatia sahani kwa mkono wa kushoto wakati wa kula, na kutoupa mlango mgongo. Katibu alimtungia namba, naye Timazi akaikariri mpaka akawa anaiota.

"Na ukiulizwa swali usijibu upesi," Dirisha alimrekebisha. "Wewe unajibu kama mtu asiye na la kuficha. Ngoja kwanza. Tazama chini."

"Nitazame chini kwa nini?"

"Unajuta, mzee. Mbao za watu umeiba."

Timazi alikuwa mwanafunzi mbaya mno. Dirisha kwa upande wake alikuwa mwanafunzi wa ajabu. Vidole vilivyozoea kulisikiliza kufuli kwa kipande cha waya vilijua kupapasa tundu la mbao na kusema ni wapi patasi imezidi kwa unene wa unywele. Baada ya miezi mitano viti vyake vilisimama vikavu kama vya mwalimu wake. Hata mimi ninayesimulia kwa mdomo uliopinda nakiri kwamba siku Dirisha alipopanda kiti chake cha kwanza, akaruka, na kiti kikanyamaza, watu wazima walipiga makofi na Timazi ikabidi asingizie vumbi machoni.

Viti vikaanza kujiuza. Hoteli iliyorudisha arobaini iliagiza sitini. Wafadhili wakapanga safari ya kuja kuuona wema wao kwa macho.

Walikuja watatu, wakakalishwa kwenye viti vipya, na Timazi akasimamishwa kutoa ushuhuda uliotungwa na Katibu, mtu mwenye kipawa cha kuandika mambo yasiyokuwepo. Alisimulia njaa, usiku wa mvua, rundo la mbao za tajiri. Alisimulia vibaya, kwa kigugumizi na jasho, kwa sababu aliona aibu ya kusema uongo mbele ya watu. Wageni waliona aibu ile wakaitafsiri wanavyotaka. Mmoja akalia. Mwingine akaomba apigwe picha. Timazi alidhani picha inakwenda huko mbali, kwa watu ambao hatakutana nao mpaka kiyama.

Picha haikwenda mbali. Ilisimamishwa njia panda, hatua arobaini kutoka mlangoni kwake, kwenye bango lenye ukubwa wa ukuta wa nyumba. Ndiye yeye, na vumbi lake kwenye nyusi, akitabasamu kama mtu aliyeambiwa atabasamu. Chini yake: ALIIBA MBAO. LEO ANAKUPA KITI.

Wa kwanza kuja alikuwa mama mwenye duka, kabla ya chai. Alileta na biskuti.

"Hongera, baba. Tumeliona bango. Kubadilika si mchezo."

"Mama, mimi sikuiba."

"Najua, baba, najua," alisema kwa sauti ya kumbembeleza mgonjwa. "Wanasema mwanzo huwa hivyo, mtu hukataa. Usijali. Nimekuja tu kuchukua zile funguo zangu, nabadilisha makufuli yote. Yamezeeka."

Makufuli yenyewe yalinunuliwa mwezi uliopita, na aliyeyafunga alikuwa Timazi.

Nesi alikuja adhuhuri, akashika mikono ya Timazi yote miwili, akasema ametiwa moyo sana. Kisha akasema watoto sasa wamekuwa wakubwa, acha wazoee kubeba ufunguo wenyewe. Mdogo wao alikuwa na miaka sita. Wengine walifuata siku hiyo na ya pili yake. Kila mmoja alileta pongezi na sababu, na hakuna aliyekuwa na ukali. Laiti wangemtukana. Mtu akikutukana unapata pa kushika. Watu hawa walimpenda kuliko zamani, wakampigia makofi barabarani, wakawaonyesha watoto wao mfano wa mtu aliyetubu, na kila jioni ule ubao ulibaki na misumari mitupu zaidi.

Mwalimu mstaafu alikuja wa mwisho. Huyu Timazi aliona hawezi kumwacha aondoke hivihivi.

"Mwalimu, wewe ni mtu wa akili. Miaka hiyo wanayosema nilikuwa jela, si ndiyo miaka niliyokuezekea nyumba yako? Tulikuwa wote pale juu ya paa, wewe ukinipa misumari."

Mwalimu alifikiri, akahesabu kwa vidole, na uso wake ukaanza kufunguka. Timazi akapumua. Hatimaye, mtu mmoja.

"Kweli kabisa," alisema mwalimu polepole. "Ndiyo miaka yenyewe." Kisha akamtazama Timazi kwa jicho jingine. "Na zile mbao za paa langu, fundi, ulizitoa wapi?"

Lisemwalo lipo, na kama halipo laja; hapa lilikuwa limefika na kukaa kitako. Timazi alitundua ufunguo wa mwalimu akampa. Usiku ule hakula. Mkewe alichukua kitambaa akaupangusa ule ubao mtupu, kisha akawa hana la kufanya na kitambaa.

Kesho yake Timazi aliingia ofisini kwa Mkurugenzi bila kubisha.

"Dada, bango lile liondoke."

Mkurugenzi hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililoudhi zaidi. Angekuwa tapeli mwenye gari kubwa, hadithi hii ingekuwa rahisi na mimi ningelala mapema. Lakini alikuwa anakuja kazini kwa miguu, macho mekundu kwa kukesha, na alikaa kwenye plastiki kwa sababu kila kiti kizuri kilichotoka karakanani kiliuzwa kabla hajakikalia. Alimsikiliza mpaka mwisho. Alisikitika, na alisikitika kweli.

"Tangu bango lisimame, maombi ya viti yamekuwa mara mbili," alisema. "Mwezi ujao nachukua watu kumi wengine. Kumi, fundi, wanatoka gerezani hawana hata pa kulala. Nikisema wewe si mfungwa, wafadhili wanaondoa mtaji wiki hiyohiyo. Niambie hawa kumi na wanne niwapeleke wapi."

Timazi alitazama kupitia kioo. Dirisha alikuwa amepanda kiti kikavu, anaruka, huku Katibu akikishikilia kwa wasiwasi.

"Basi andika ugomvi," alisema Timazi. "Nipigane na mtu. Hata wawili."

"Bango limeshachapishwa." Mkurugenzi alivua miwani akaifuta. "Unajua, fundi, katika biashara hii wewe umechangia kuliko sisi wote. Wengine tumetoa pesa na muda. Wewe umetoa jina lako."

"Mchango huombwa, Dada," alisema Timazi. "Ukichukuliwa bila kuombwa una jina lingine, na hilo jina umeniandikia mimi."

Mkurugenzi alirudisha miwani machoni, na Timazi akatoka. Faida ilikuwepo, wema ulikuwepo, vyote viwili vimekaa vizuri, na aliyekuwa nje ya kiti alikuwa yeye. Jumamosi, kazi ilipoisha, alifanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya: alizifuta zana zake moja moja, akazipanga sandukuni, akalitia begani akaondoka nalo. Wenzake walimwona. Hakuna aliyeuliza, kwa maana watu hao walijua mtu anayeondoka anavyoonekana kwa mgongo.

Hakuwa na mpango wa kumchongea mtu. Angeacha kazi kimya, akae nyumbani ale nyama kubwa, na siku moja, akikaa sana, pengine mtaa ungesahau. Ndivyo alivyomwambia mkewe. Mkewe alisema sawa, kwa sauti ambayo haikusema sawa.

Jumapili baada ya chakula cha mchana, hodi ikabishwa mlangoni. Alikuwa Dirisha, amevaa shati lililopigwa pasi, amesimama mbali kidogo na kizingiti, kama mtu asiyejua milango inavyotumiwa.

"Pita ndani," alisema Timazi.

"Sitakaa, mzee. Nina safari." Dirisha alitia mkono mfukoni. "Nimepata chumba. Nimekipanga kwa jina langu mwenyewe, mwenye nyumba ameandika. Kina mlango, na mlango una kufuli. Nimelinunua mimi."

"Hongera, bwana. Hilo ni jambo."

"Nililijaribu kwa waya. Nusu dakika." Alisema hivyo bila majivuno, kwa masikitiko ya kitaalamu. "Makufuli yote ni hivyo, mzee. Kufuli ni heshima tu. Sasa naenda kumwona mama, siku tatu. Hajaniona tangu kifungo cha kwanza. Na ndani nimeacha vitu: godoro, redio, na kile kiti changu cha kwanza, nilikinunua. Naomba uniwekee ufunguo. Alhamisi nitaupitia kazini."

Timazi aliutazama ule ufunguo mpya kwenye kiganja cha mwizi.

"Huna majirani huko?"

"Ninao. Waungwana watupu, hakuna hata mmoja aliyewahi kufungwa." Dirisha alikunja uso. "Watu wa namna hiyo mimi nawajua, mzee. Nimeingia nyumbani mwao miaka kumi na moja. Ungeona walivyo navyo vya wenzao, wala usingelala."

"Bango umeliona pale njia panda?"

"Nimepita chini yake sasa hivi. Wewe hata kwenye picha hufanani na mwizi. Tumekufundisha miezi yote, jela nzima tumekumwagia, umeshindwa." Alicheka kidogo, kisha akaacha. "Sikiliza, mzee. Mimi kazi yangu ilikuwa kujua nani ni nani. Mtu ambaye hajawahi kuchukua cha mtu, katika maisha yangu nimekutana naye mmoja. Nimwachie nani mwingine?"

Timazi aliupokea ufunguo kwa mikono miwili, akasimama nao hapo mlangoni mpaka Dirisha alipopotea kwenye kona. Mtaa mzima wa watu waadilifu ulikuwa umesoma bango ukaamini, na aliyekataa kuamini alikuwa mvunja nyumba mwenye vifungo viwili.

Aliurudisha mlango. Aliuchagua msumari wa katikati, safu ya juu, akaujaribu kwa kidole kama umelegea, akautundika ule ufunguo.

"Wa nani huo?" mkewe aliuliza kutoka jikoni.

"Wa Dirisha. Anasafiri."

"Anarudi lini?"

"Alhamisi. Atapitia kazini moja kwa moja."

Mkewe akatokeza mlangoni na mwiko mkononi. Aliutazama ubao, akalitazama sanduku la zana lililokuwa limesukumiwa chini ya kitanda, akamtazama mumewe.

"Na wewe si umeacha kazi? Ufunguo wa mtu utamrudishia wapi?"

Timazi alifikiria kidogo. Kisha akainama, akalivuta sanduku kutoka chini ya kitanda, akaliweka mlangoni, chini ya ubao, tayari kwa Jumatatu.